KILO ZA MGONJWA WA FIGO ZINAWEZA KUTUDANGANYA



Mtu ambaye figo zake zimekufa anasafishwa damu kwa mashini. Kazi hiyo inaitwa dialize. Kwa kawaida inafanywa mara 3 kwa juma, muda wa saa 4 kila mara. Akirudi nyumbani, watu wanamuuliza: «Una kilo ngapi?» Akijibu 60, kama mwezi uliopita, wote wanafurahi.

Kwa maoni yangu, tunafurahi mbio mno. Figo zisipofanya kazi, maji yanabaki mwilini. Mgonjwa anaweza kupoteza kilo 3 za nyama yake na kupata kilo 3 za maji. Balansi inasema 60 ile ile, kumbe nguvu zinakwisha. Na mgonjwa wa dialize anayekonda hivyo yuko katika hatari zaidi ya kufa mapema.

Basi mtazameni mgonjwa mwenyewe. Je, mikono na mapaja yamekonda? Mifupa ya mabega imejitokeza? Anaacha nusu ya sahani? Mkono umelegea anaposalimia? Kwa munganga, uzito wa kweli ni ule wa baada ya dialize, maji yakiisha kutolewa. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 katika miezi 3 bila kutaka, si jambo dogo. Damu nayo inapimwa albumini: ikiwa chini ya gramu 38 kwa lita, ni alama ya kuangaliwa, hata kama ugonjwa mwingine unaweza kuishusha. Ningependa kila karatasi ya mgonjwa ionyeshe, chini ya kilo, anakula nini.

Nyumbani, kosa kubwa ni kumnyima. Kabla ya dialize, munganga anaweza kupunguza nyama. Dialize ikianza, sheria inageuka, kwa sababu mashini inatoa uchafu pamoja na sehemu ya chakula cha kujenga mwili. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kila siku, na yai moja lina karibu gramu 6 tu. Bukari na mchuzi havitoshi. Mpeni samaki, kuku, mayai. Chumvi iwe kidogo, maji kwa kipimo cha munganga. Sombe, ndizi na maharagi vina potasi, na potasi nyingi inaweza kusimamisha moyo: ulizeni kipimo chake.

Mama, usingoje balansi ishuke. Akianza kukataa chakula, mwambie munganga siku ya dialize inayofuata.