Picha ya Marehemu na Ukuta wa Sebule



Imetufikia barua ya mama mmoja aliyekwisha kutoka katika eda ya mumewe. Wanawe waliikuza picha ya baba yao, wakaitia katika fremu ya rangi ya dhahabu, wakaitundika sebuleni mkabala wa mlango. Shemeji yake alipokuja kumjulia hali akaiona, akaamuru iteremshwe papo hapo. Vijana wakahisi marehemu baba yao amevunjiwa heshima, na tangu siku hiyo hawasemezani na ami yao. Mama anauliza: picha ibaki au iondoke? Na ikiondoka, ukuta ule ubaki mtupu, kana kwamba nyumba haikuwahi kuwa na mwenyewe?

Tutangulize la sharia. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na pazia lenye picha, akalifunikia kishubaka cha nyumbani kwake. Mtume (s.a.w.) aliporejea safarini akaliona, alichukizwa nalo, likaondolewa, naye Bibi Aisha akalikata akafanya mito ya kuegemea. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Katika mapokezi ya Anas (r.a.) kwa Bukhari imetajwa sababu nyingine: picha za pazia zilikuwa zikimpitia Mtume (s.a.w.) katika sala yake. Iko pia hadithi mashuhuri ya Malaika kutoingia katika nyumba yenye picha, na bila shaka ndiyo aliyoishika shemeji.

Ama picha ya kamera, wanazuoni wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kuihalalisha, kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliikataza ila kwa dharura, mfano wa paspoti. Na hata miongoni mwa walioihalalisha, wako wasioridhia itundikwe kwa njia ya kumtukuza mtu.

Rai yetu ni kwamba picha iteremshwe, kwani kutoka katika hitilafu ya wanazuoni ni jambo linalopendekezwa. Lakini isichanwe wala isichomwe. Itiwe katika albamu, na mama akitaka kuitazama aitazame. Kwa shemeji tunalo neno pia. Alilolisema lina asili, ila ulimi ulikosa huruma. Picha ya baba haiondolewi kwa amri mbele ya wana waliofiwa juzi. Angeketi nao, wakanywa kahawa, wakazungumza habari za marehemu, pengine wangeiteremsha kwa mikono yao wenyewe. Wallahu aalam.

Sasa huo ukuta. Wazee wetu wa Lamu, Pate na Siu walijenga nyumba zao kabla ya kamera, wala kuta zao hazikuwa tupu. Katika chumba cha ndani walichonga zidaka kwa chokaa, safu juu ya safu, na humo wakapanga sahani na mabakuli ya Kichina. Mgeni akiuliza habari ya bakuli, akasimuliwa safari nzima na watu wake. Hayo ndiyo maonyesho tunayompendekezea mama huyu.

Achukue kofia ya marehemu, ile ya vito iliyoshonwa kwa mkono, aitie katika fremu yenye kina, mfano wa kisanduku chenye kioo mbele. Kando yake itundikwe leso aliyomnunulia, imepigwa pasi na kukunjwa hata jina lake lisomeke, maadamu haina jogoo wala samaki. Mwandiko wake nao usisahauliwe: barua, au hata ukurasa wa daftari la hesabu za duka. Sisi twauona mwandiko kuwa karibu zaidi na mtu kuliko uso uliotabasamu kwa sababu mpiga picha amesema tabasamu. Wako mafundi wa Lamu wanaounda fremu kwa mbao za majahazi yaliyochakaa, rangi kuukuu ikiachwa vivyo hivyo. Kwa familia ya watu wa bahari hatujui pambo lililo bora.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, basi kitambaa au karatasi isigusane na kioo, maana itaganda na kuota ukungu. Itiwe kadibodi nyembamba pembezoni ipate nafasi. Nyuma ya fremu vigandishwe vipande viwili vya kizibo, isilale juu ya ukuta, hewa ipite. Jua la dirishani lisiifikie. Leso hupauka kabla mtu hajatambua. Kuta za mawe na chokaa hazishiki msumari mdogo, lazima patobolewe na kutiwa skrubu, na kazi hiyo tungependa aitiwe ami mtu.

Pahala wanaposwali watu wa nyumba, ukuta wa kibla, ambao kwetu Mombasa ni wa kaskazini, uachwe mweupe. Sababu ni ile ya hadithi ya Anas.

Wengine wataharakia kuujaza ukuta aya. Imamu Nawawi katika At-Tibyan ametaja kuwa kwa madhehebu yetu ya Shafi ni makuruhu kunakshi kuta kwa Qur'ani. Fremu iliyo juu na safi ni jambo jepesi kuliko nakshi, lakini isiwe kwenye ujia wa msalani, wala juu ya televisheni inayopiga ngoma. Na kabla ya kulipa, aisomeni herufi kwa herufi, au mpeni mtoto wa madrasa aisome palepale dukani. Zinauzwa zenye taa na vimulimuli, na ndani yake neno zima limerukwa.