Usiuze lenzi ya mzee kabla ya kupima

Hebu panda juu ya kiti utazame kule juu ya kabati. Huenda ukakuta mkoba wa ngozi uliojaa vumbi, na ndani yake kamera ya filamu ambayo baba au ami yako alipigia picha za harusi na za ubatizo. Kamera yenyewe labda imekwisha kazi. Lakini lenzi iliyo mbele yake, hasa ile ya milimita 50, usimpe mnunuzi wa vitu vikuukuu kwa shilingi za kununulia sukari. Kama kuna kijana nyumbani anayesomea uanahabari na kila mwezi analilia lenzi, huenda anayoililia ni hiyo hiyo.

Sababu ni nafasi. Ndani ya kamera nyingi za zamani mlikuwa na kioo kama cha kujitazamia, kilichosimama kati ya lenzi na filamu na kuinuka kila picha ilipopigwa. Kioo hicho kilitaka mahali pa kukaa. Katika Nikon za aina ya F, zilizoanza 1959, kutoka pale lenzi inapofungwa mpaka kwenye filamu ni milimita 46.5. Kamera za siku hizi zisizo na kioo hazina haja ya nafasi hiyo. Sony E ina milimita 18 tu, Canon RF ina 20, na Nikon Z ina 16.

Basi chukua bomba fupi la chuma lenye urefu wa milimita 28.5, upande mmoja umechongwa kuingia lenzi ya Nikon F na upande wa pili kuingia kamera ya Sony E. Lenzi ya mzee itakaa mbali vile vile ilivyozoea. Bomba hilo ndiyo adapta. Ile ya kawaida haina umeme wala kipande cha lenzi ndani yake, ni uwazi mtupu, na kwa hivyo haina cha kuchafua picha.

Wanaoumia ni wale wanaonunua kwa kusikia. Kumwambia mwenye duka "nipe adapta ya Nikon" hakutoshi. Lazima ujue aina ya mdomo wa lenzi na aina ya mdomo wa kamera pia. Tena si kila ndoa inawezekana. Lenzi za Canon FD, ambazo kampuni iliziacha ilipoleta EF mwaka wa 1987, zinataka milimita 42. Kamera za EF, zile za kioo, zina 44. Milimita mbili ni kitu gani? Ni kila kitu! Uso wa mtu aliye karibu utaupata, lakini mlima ulio mbali utabaki kama umefunikwa na moshi, ila ununue adapta yenye lenzi ndani, nayo mara nyingi hupunguza ubora. Katika kamera isiyo na kioo, FD hiyo hiyo haina taabu.

Ukishaifunga, kamera huenda ikagoma kupiga, ikidhani haina lenzi. Tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi. Kama kamera ina kizuia mtikisiko, iandikie 50 kwa mkono. Na usishangae picha ikiwa finyu: kwenye sensa ndogo za Sony na Fujifilm, lenzi ya 50 huona kama ya 75.

Kulenga nako ni kwa mkono, ukizungusha bangili huku kamera ikikukuzia picha. Mtoto anayekimbiza mpira utamkosa mara nyingi kuliko utakavyompata, na sikushauri kwenda nayo kwenye harusi ya kulipwa. Lakini kwa mwanafunzi huo si upungufu hata kidogo. Atajifunza tundu na mwanga kwa vidole vyake, jambo ambalo kamera inayofanya yote yenyewe humficha.

Kabla ya kutoa pesa, mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hilo ni kuvu, nalo hupenda nyumba zenye unyevu, za pwani hasa.

Kisha nenda dukani na lenzi na kamera. Funga vyote pale mlangoni, elekeza kwenye jengo la mbali, na uzungushe bangili mpaka karibu na ile alama ya nane iliyolala. Jengo likitoka wazi kabla tu ya alama, hakuna neno, adapta nyingi huundwa fupi kidogo. Likikataa kutoka hata bangili ikifika mwisho, mrudishie mwenye duka adapta yake.