Malori yatuachie bega la barabara



Nina dukuduku juu ya barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo, hasa pale Benaco, ambapo sisi wa Mabawe na vijiji vingine vya Ngara tunapita na baiskeli zetu.

Barabara hiyo inabeba mizigo ya nchi jirani kutoka bandari ya Dar es Salaam. Tangu daraja jipya la Rusumo lizinduliwe mwaka 2016, malori hayangoji tena kupita kwa zamu juu ya lile daraja jembamba la zamani. Hilo ni jema, wala sina ugomvi na madereva. Ugomvi wangu ni pale wanaposimama. Malori yanaegeshwa kandokando ya lami, moja nyuma ya jingine, juu ya lile bega ambalo ndilo njia pekee ya mwenye baiskeli. Mtu aliyepakia mikungu minne ya ndizi inambidi aingie kwenye lami ili alizunguke trela, na huku nyuma linakuja jingine.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Utingo alifungua mlango wa lori lililosimama bila kutazama nyuma, nikaangukia upande wa lami. Basi lililokuwa likinifuata lilifunga breki hatua chache tu kutoka kichwani pangu. Ndizi zikasagika, mkono ukateguka, na yule utingo akaniuliza kwa nini sikupiga kengele!

Wapo watakaosema barabara ni finyu. Lami ni finyu, kweli, lakini ardhi ipo. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Wananchi tumekatazwa kujenga humo. Je, mita mbili za baiskeli zitakosekana? Huko Nairobi, katikati ya jiji ambako kiwanja ni ghali kuliko shamba letu zima, mwaka 2020 waliondoa maegesho katika Mtaa wa Muindi Mbingu ili kuwapa nafasi waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

Hoja iliyo nzito ni ya mama lishe na wenye maduka, maana dereva akihamishwa na mteja amehama. Kwa hiyo uwanja wa malori utangulie, tena uwe hapo hapo nyuma ya maduka, si maili mbili porini, na mama lishe wapewe vibanda langoni. Halmashauri itapata ushuru wake, na dereva atalala bila kuibiwa mafuta.

Uwanja ukiwa tayari, TANROADS wajenge kingo za zege kati ya lami na njia ya baiskeli. Mstari wa rangi peke yake hautoshi, kwani lori halizuiwi na rangi. Na mwanzoni mwa njia viwekwe vigingi, la sivyo bodaboda watakuwa wa kwanza kuihamia.

Tungependa wahusika watujibu katika ukurasa huu, watuambie uwanja huo utajengwa lini.

Mwendesha baiskeli,
Mabawe, Ngara.