Chai za Namna Namna

Siku hizi nasikia watu wengi wakisifu chai za namna namna: ya tangawizi kwa kifua, ya mchaichai kwa usingizi, ya kijani kwa unene. Mimi ni mtu wa Kudha, kusini ya Kismayo, ambako birika halikosi mekoni, nami naomba nafasi niseme nionavyo.

Kwanza yafaa tujue kuwa chai ya kijani na chai nyeusi hutoka katika mti mmoja. Tofauti ni kazi ifanywayo baada ya kuchuma: majani ya nyeusi huachwa yageuke rangi kwa hewa, na ya kijani hupashwa moto mapema yasigeuke. Mchaichai, tangawizi na choya si chai kwa asili. Tumeziita hivyo kwa kuwa twazinywa vikombeni.

Je, zina faida? Zinazo. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na choya imeonekana kushusha kidogo shinikizo la damu. Mchaichai hauna kafeini, basi ni mwema kwa jioni. Lakini faida kubwa kupita zote haisifiwi na mtu: maji yamechemka. Visiwani, ambako maji ya visima mara nyingi ni ya chumvichumvi na si safi, birika limeokoa matumbo mengi, maana vijidudu vya kipindupindu havistahimili moto huo. (Chumvi haitoki, hilo kila mnywaji alijua!)

Sasa tutazame kikombe chenyewe. Kwetu, kama kwa jirani zetu Wasomali waiitao shaah, chai hutiwa iliki, mdalasini na karafuu, kisha sukari vijiko vitatu, pengine vinne. Mtu anywaye vikombe vitano kwa vijiko vitatu amekula vijiko 15, yapata gramu 60. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Ni mdalasini gani utakaoweza kulifuta deni hilo? Kubadili majani bila kupunguza sukari ni kazi bure.

Tena kuna wakati wa kunywa. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde, na madini hayo ndiyo yatengenezayo damu. Wenye kuyahitaji zaidi ni mama mwenye mimba na mtoto mdogo, nao ndio wapewao mofa na chai asubuhi na jioni! Heri wangoje saa moja baada ya kula. Na tusiinywe ikiwa ingali yaunguza: mwaka 2016 wataalamu wa saratani walisema kuwa vinywaji vya moto kupita digrii 65 yamkini huleta saratani ya umio.

Wazee watasema kuwa kumpa mgeni chai isiyo tamu ni kumvunjia heshima. Basi bakuli la sukari liwekwe kando na kijiko chake, mgeni atie apendavyo. Nyumbani kwetu twafanya hivyo tangu Ramadhani iliyopita, na wageni hawajapungua.