Bakteria wa dukani, bakteria wa ufukweni

Mafuta yakimwagika baharini, hazipiti siku nyingi kabla hajajitokeza mwenye mifuko ya unga. Atakuambia unga wake una bakteria wanaokula mafuta: nyunyiza, subiri, ufukwe utatakata. Toleo hili linazungumzia vijidudu vinavyosafisha uchafu wa mazingira, na tumeamua kulifungua kwa kumpinga mfanyabiashara huyo. Bakteria wanakula mafuta kweli. Ila anatuuzia tulichokuwa nacho.

Ushahidi uko Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba katika ghuba ya Prince William Sound na kumwaga lita zipatazo milioni 40 za mafuta ghafi. Kwanza fukwe zilioshwa kwa maji ya moto yenye presha kubwa. Mafuta yakatoka, na kome na mwani waliosalimika nao wakapikwa palepale. Ndipo wanasayansi wa idara ya mazingira ya Marekani, pamoja na kampuni yenye meli, walipokwenda Snug Harbor kunyunyizia mawe mbolea. Mbolea tu, ya naitrojeni na fosforasi. Hawakupeleka bakteria hata mmoja. Wiki mbili tatu baadaye, ukiwa ndani ya helikopta uliona mstatili msafi katikati ya ufukwe mweusi.

Wapo waliodai kwamba mbolea yenyewe, iliyotengenezwa kung'ang'ania mafuta, iliyaosha mawe kama sabuni. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba kasi ya kuliwa kwa mafuta ilifuata kiasi cha naitrojeni kilichokuwa ndani ya maji yaliyojaa kati ya changarawe. Sababu yake haina uchawi. Mafuta ni kaboni na haidrojeni. Bakteria anayapata kwa wingi, ila ili azaliane anahitaji naitrojeni ya kujengea protini na fosforasi ya kujengea vinasaba. Mafuta peke yake ni lori la mchanga lililomwagwa mbele ya fundi asiye na saruji.

Mwaka 1990, katika kisiwa cha Disk kwenye ghuba hiyohiyo, bidhaa mbili za bakteria zilijaribiwa sambamba na mbolea tupu. Hazikuishinda. Bakteria wa palepale walikuwa wengi, wamezoea baridi, na hawakuhitaji wageni.

Hata yule bakteria maarufu kuliko wote, aliyetengenezwa na Ananda Chakrabarty katika maabara za General Electric, alipata sifa mahakamani zaidi ya baharini. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kupewa hataza. Bahari yenyewe hakuwahi kupelekwa kuisafisha.

Tusipite kiasi, hata hivyo. Mbolea nayo ina mwisho wake. Mwaka 2001 wataalamu walirudi Prince William Sound wakachimba mashimo yapatayo 9,000, na katika zaidi ya nusu ya fukwe walizozikagua walikuta mafuta bado yamejificha chini ya mawe, mengine mabichi yenye harufu. Huko chini oksijeni haikufika ya kutosha, na bakteria wanaokula mafuta kwa kasi ni wale wanaopumua oksijeni. Na kwa metali mambo ni mengine kabisa: risasi au zebaki hailiwi ikaisha, inageuzwa umbo tu. Zebaki inayotoka kwenye karai la mchimbaji mdogo wa dhahabu ikifika kwenye tope la mto, bakteria wa tope hilo wanaweza kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo hupanda kwa samaki na kwa mlaji wake. Hapo kijidudu kinazidisha sumu.

Yote haya yanatuhusu kwa sababu ya Chongoleani, kule Tanga, ambako bomba la mafuta ghafi linaishia. Bomba hilo la kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na mafuta yake yana nta nyingi kiasi kwamba lazima yapashwe moto njiani yasigande. Nta hiyo bakteria wanaipenda. Lakini yakimwagika na kupoa, yataganda mabonge, na bakteria hula bonge kwa nje tu. Halafu kuna mikoko. Tope la mikoko huishiwa oksijeni milimita chache tu chini ya uso, na kila kijana mwenye ndoo anayetumwa kwenda kusafisha atayakanyagia mafuta kulekule ambako hayaliwi. Uzoefu wa changarawe za Alaska haunakiliki kwenye tope letu.

Kwa hiyo tunataka vipimo vianze sasa, kabla meli ya kwanza haijapakia: oksijeni inashuka kina gani wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, maji yaliyo kati ya mizizi yana naitrojeni kiasi gani, na ni bakteria gani wanaoishi humo. Kazi hiyo inafanyika kwa koleo, chupa za sampuli na watu wanaojua saa ya maji kupwa, nao wapo Tanga na Unguja. Bila namba hizo, siku ya ajali hakuna atakayeweza kusema kama mbolea itawafaa bakteria au itastawisha mwani tu.