Hatukujitolea, Tulitolewa

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "kujitolea" kimebeba mambo mawili. Kwanza kuna kiambishi "ji", kinachoonyesha kwamba anayetoa na anayetolewa ni mtu mmoja. Pili kuna kauli ya kutendea, "tolea", inayodai awepo mtu au jambo ambalo tendo linafanywa kwa ajili yake. Ukiiondoa "ji", mtu huyo hajajitoa bali ametolewa na mwingine. Ukimwondoa anayetendewa, tendo linabaki halina mwenyewe. Dai langu ni kwamba kazi nyingi wanazopewa wanafunzi wa sekondari kwenye hafla za jamii, hasa kwetu Kismayo na visiwa vya Wabajuni, hazipiti mtihani huu. Tukiendelea kuziita kujitolea tunaidanganya jamii, na vijana tunawafundisha uongo.

Mimi nimesoma sekondari Kismayo, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Tangazo lilikuwa likitolewa asubuhi kwenye mstari: "Ijumaa nyote mtajitolea, na asiyefika atajieleza ofisini." Sentensi hiyo inajipinga yenyewe, lakini hakuna aliyecheka. Ijumaa tulifika saa moja asubuhi. Tulisimamisha hema, tukapanga viti vya plastiki, tukafunga bango lenye nembo za wafadhili. Mgeni rasmi alifika saa nne na nusu. Kazi yetu baada ya hapo ilikuwa kugawa maji ya chupa, kusimama safu mbili na kupiga makofi, kisha kupigwa picha tukiwa na tisheti zenye neno la "kujitolea" kwa Kiingereza. Hafla ilipokwisha tukavikusanya viti.

Tazameni sasa waliokuwa wameketi nyuma. Walikuwapo kina bibi na wazee waliotoka Koyama, Chovai na Chula, ambao hafla ilisemwa ni yao. Hotuba zilikuwa za Kisomali na Kiingereza. Wazee wetu wengi wanakijua Kisomali cha sokoni na cha bandarini, lakini Kisomali cha hotuba, chenye istilahi za miradi na bajeti, ni jambo jingine. Pembeni mwao walisimama vijana wasiopungua kumi wanaozungumza Kibajuni nyumbani na Kisomali darasani. Hakuna aliyetuuliza kama tunaweza kufasiri. Tulikuwa na ujuzi ambao hapana mgeni yeyote aliyekuwa nao pale, tukapewa chupa za maji tugawe.

Hilo ndilo linalonikera zaidi, wala sidhani ni bahati mbaya ya siku moja. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inaitambua lugha ya Kisomali kuwa lugha rasmi, na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Kibajuni hakimo, na Kiswahili hakimo. Tangu 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili ni lugha rasmi, lakini uanachama huo haujamfikia bibi aliyeketi kiti cha nyuma. Wa kumfikia yupo. Ni mjukuu wake wa kidato cha tatu, naye ametumwa kupanga viti.

Kuna watakaosema kwamba namdharau anayepanga viti. Simdharau hata kidogo. Kwetu, akifa mtu, vijana huchota maji, hubeba kuni, hukopa majamvi nyumba kwa nyumba, na hakuna anayeandikwa jina. Siku ya kushua chombo, wenye nguvu wote hushuka pwani. Magogo huwekwa chini ya mkuku, kamba hushikwa, wimbo huanza, na dau haliondoki mpaka watu wavute pamoja. Kijana wa miaka kumi na sita huvuta bega kwa bega na babu yake. Kazi hiyo ni nzito kuliko viti, lakini ndani yake "ji" ipo, na anayetendewa anajulikana: ni mwenye chombo, na kesho zamu yako ikifika naye atakuja. Hiari yashinda utumwa, walisema wahenga. Uzito au wepesi wa kazi si hoja yangu. Ninachouliza ni nani aliyeamua, na nani aliyefaidika.

Wengine watasema vijana wa leo hawaji bila kushurutishwa. Hapa historia ya nchi yetu ina la kutufundisha, na si rahisi kama watu wanavyodhani. Mnamo 21 Oktoba 1972 serikali ya Siad Barre ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa hati ya Kilatini. Mwaka 1974 shule za sekondari zikafungwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na wanafunzi pamoja na walimu wao, zaidi ya 20,000, wakapelekwa bara kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika. Kaulimbiu ilikuwa anayejua afunze, asiyejua ajifunze. Walikwenda na ubao wa kukunja, wakaishi na familia za wafugaji na kuhama nazo. Ukame mkubwa ulioitwa Dabadheer ulipozidi, wengi wao wakajikuta wanahudumia watu kwenye kambi za walioathirika.

Kampeni ile ilikuwa amri ya serikali ya kijeshi, kwa hiyo "ji" haikuwamo. Wala lugha yetu haikuwa na nafasi ndani yake, kwani kilichofundishwa kilikuwa Kisomali peke yake. Siipambi. Lakini angalau nusu moja ya neno ilitimia: anayetendewa alikuwapo, alikuwa na haja, na mwanafunzi alipewa kazi iliyotumia kile alichojifunza shuleni. Hafla zetu za leo zimerithi amri ya 1974 na kuiacha kazi yake. Kijana bado analazimishwa, ila sasa analazimishwa kuwa pambo.

Hoja ya tatu ni ya cheti. Tunaambiwa kijana atapata uzoefu, na cheti kitamsaidia kuomba ufadhili wa chuo. Ni kweli, vyeti husaidia. Mimi mwenyewe ninavyo viwili. Lakini kama faida ni cheti, basi ile ni kazi yenye ujira wa karatasi, na iitwe hivyo. Tena karatasi hiyo hailipi gharama yake kwa wote sawa. Mtoto wa mfanyabiashara akipoteza Ijumaa amepoteza mapumziko. Mtoto wa mvuvi akipoteza Ijumaa, baba yake amekwenda baharini akipungukiwa mikono miwili, na hasa msimu wa kaskazi bahari ikiwa shwari, hiyo ni hasara inayoonekana jikoni. Anayesema muda wa wanafunzi ni wa bure anasema muda wa baadhi ya familia ni wa bure. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema maskini atolewe.

Nawaletea jambo hili ninyi wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu kwa sababu wengi wetu tutakuwa walimu, na jambo lenyewe linakua. Kenya, ambako Wabajuni wengi walikimbilia baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, imefanya mafunzo ya huduma kwa jamii kuwa ya lazima katika sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi. Sipingi mtaala kumtaka mwanafunzi aijue jamii yake. Somo likiitwa somo, likiwa na saa zake na tathmini yake, halidanganyi mtu. Hatari ni pale mwalimu asiye na mpango atakapopata njia ya mkato ya kujaza saa hizo: kulipeleka darasa zima kwenye hafla ya mkubwa fulani, lipange viti, kisha liandikiwe alama. Hapo tutakuwa tumeihamishia Faza na Kizingitini desturi ile ile inayotuchosha Kismayo.

Ninachodai ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za mfadhili. Kwanza, mwanafunzi awe na haki ya kusema hapana bila kuitwa ofisini. Wakija watano badala ya hamsini, waandaaji watajua hafla yao ina thamani gani kwa vijana. Pili, wenye hafla waulizwe kabla bango halijachapishwa: mnahitaji nini kwa vijana hawa? Nina hakika jibu la wazee wa visiwani halitakuwa makofi. Litakuwa mtu wa kufasiri hotuba, mtu wa kufuatana na mama zahanati amweleze daktari anapoumwa, mtu wa kusoma fomu kabla haijatiwa dole gumba. Tatu, siku ya pili iulizwe kimebaki nini. Kama kilichobaki ni picha tu, shule isipeleke tena mwanafunzi.

Chukueni mfano wa Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo tangu 2022 huadhimishwa kila 7 Julai. Tunaweza kuiadhimisha kwa hema na spika. Tunaweza pia kuwaomba wanafunzi wanaotaka, na wanaotaka tu, wakae na wavuvi wazee waandike majina ya samaki, ya pepo, ya sehemu za dau, kama yanavyotamkwa Kibajuni. Ramani zinaandika Tula na Tovai. Wenyewe wanasema Chula na Chovai, na wenye kusema hivyo wanazidi kupungua kisiwani na kuongezeka ugenini. Sauti hiyo ikipotea hatutaipata kwenye picha za hafla. Kazi hiyo inamhitaji kijana anayejua lugha ya bibi na anayejua kuandika, na kijana huyo tunaye. Mwacheni achague kuja. Akija, mpeni daftari, viti watapanga waliokodisha hema.