Utenzi Ughaniwe, Tusihesabu Mizani Tu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Hebu mwulizeni mwanafunzi yeyote utenzi ni nini. Atawajibu mbio mbio: ubeti wa mishororo 4, mizani 8 kila mshororo, vina hivi na vile. Alama amejaza! Sasa mwambieni aughani. Atatazama dari.

Hapo ndipo tunapopotea. Utenzi haukutungwa usomwe kimya kimya kama barua ya karani. Utendi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athman kule Pate mwaka wa 1728, ni hadithi ya vita yenye beti zaidi ya 1,000, nayo ni ya kughaniwa mbele ya watu. Hata hizo mizani 8 humpa mghani pumzi na mwendo.

Wenzetu wa Korea wana sanaa iitwayo pansori. Mwimbaji mmoja husimama na upepeo mkononi, mpiga ngoma mmoja ameketi kando, basi. Huyo mmoja huwa mfalme, huwa maskini, hulia, hucheka, na hadithi nzima yaweza kuchukua hata muda wa saa 8. Wasikilizaji nao humpigia kelele za kumtia shime. Zamani walikuwa na hadithi 12 za namna hiyo. Zilizobaki ni 5 tu. Mnamo 2003 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia nzima. Je, sisi tunangoja tenzi zibaki ngapi?

Tena kuitikia si kugeni huku Kajiado. Olaranyani akianza wimbo, wenzake humpokea kwa sauti nzito za kooni, na hakuna anayesinzia. Darasani tunasinzia.

Najua watasema silabasi ni ndefu, na mtihani wa taifa hauna swali la kuimba. Ni kweli. Lakini aliyeghani beti 20 hasahau mizani kamwe, maana ukizidisha moja tu ulimi unakwaa wenyewe. Nasi wa shule ya kutwa hatuna jioni za bweni za kupigiana hadithi. Ni darasani au hakuna.

Kwa hivyo naomba chama chetu, Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, kipunguze hotuba (nazo ni ndefu, jamani!) kimpe mwanafunzi mmoja dakika 15 na ngoma moja. Ngoma ikikosekana, madawati yapo.